Mtoto wa Bi Harusi Anabaki na Nani?



Sisi tunaoshona nguo za harusi huku Mbagala tuna sentensi moja tunayoisikia karibu kila msimu: "Mtoto atakaa kwa bibi yake kwanza, mpaka ndoa itulie." Bi harusi ana mtoto wa miaka miwili, mitatu au mitano kutoka ndoa ya kwanza. Posa imeletwa, mahari imetajwa, ukumbi umelipiwa advansi, shela imepimwa mara mbili. Mtoto hajatajwa na mtu yeyote, ila katika hiyo sentensi moja inayosemwa huku watu wakichagua rangi ya vitenge vya mashangazi.

Baada ya miezi sita au mwaka tunasikia ya pili. Mtoto amekuwa jeuri. Au amekuwa mpole kupita kiasi. Au mama amekwenda kumtazama na mtoto hakumkimbilia, ameendelea kucheza na mchanga kama hajaona mtu. Waliopo husema kadekezwa na bibi, au anajifanya mtu mzima, au kapandikizwa maneno na upande wa baba. Mama anarudi kwa mumewe na donge kooni, mume anaona mke kabadilika, na ndoa iliyotakiwa itulie ndiyo inaanza kutetereka.

Bibi zetu wametulea, na wengi wetu tumefika hapa kwa mikono yao. Kwa hiyo leo hatuwalaumu. Tunataka tuisimulie historia ya jambo lenyewe, kwa sababu elimu ya mapenzi ya mtoto kwa mlezi wake, na elimu ya kuitibu familia nzima kwa pamoja, zote mbili zimepita hapa hapa Afrika Mashariki, na wengi wetu hatujui.

Desturi tuliyoikuta

Kumpeleka mtoto kwa bibi ni desturi ya siku nyingi, pwani na bara. Wazee wetu waliogopa mtoto kubemendwa. Waliamini kwamba mama akishika mimba huku ananyonyesha, yule wa kwanza atadhoofu. Basi mtoto aliachishwa ziwa, bibi akamchukua, akamlaza ubavuni pake, akamzoesha uji. Baada ya siku kadhaa mtoto alisahau ziwa, na mama alipata nafasi ya kupumua.

Qur'ani nayo imeutaja wakati huu. Suratul Baqara, aya ya 233, inaeleza unyonyeshaji wa miaka miwili kamili kwa anayetaka kuutimiza, kisha inasema wazazi wakitaka kumwachisha mtoto kabla ya hapo, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Tuangalie mahali aya hiyo ilipo: imezungukwa na aya za talaka. Watu wawili ambao huenda hawatazamani usoni wanaambiwa washauriane kwanza kabla ya kumtoa mtoto kwenye ziwa.

Sasa tutazame nyumba zenyewe. Katika miaka ya 1950, Temeke na Magomeni zilipokuwa zinapimwa viwanja na kukua, nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma ambako wote walipika, walifua na walilea. Mtoto akitoka chumbani kwa mama yake aliangukia mapajani mwa mtu mwingine, na mama alikuwa bado anaonekana pale kwenye jiko. Bibi akiwa mtaa wa pili, mtoto aliweza kulala huko na kurudi asubuhi kunywa chai.

Leo bi harusi anaolewa Bunju na bibi yuko Mkuranga. Au anaolewa Chamazi na bibi yuko Pemba, na kumfikia ni boti, nauli na ruhusa ya kazini. Jina la desturi ni lile lile, "kwa bibi", lakini zile siku kadhaa zimekuwa miaka, na ule mtaa wa pili umekuwa bahari.

Daktari aliyempoteza yaya wake

John Bowlby alizaliwa London mwaka 1907 katika familia yenye uwezo. Kama ilivyokuwa kwa watoto wa matajiri wa wakati ule, alilelewa na mayaya, na mama yake alimwona kwa takriban saa moja kwa siku, baada ya chai ya jioni. Yaya aliyempenda sana, Minnie, aliacha kazi Bowlby akikaribia miaka minne. Alipokuwa mtu mzima alisema kuondoka kwake kulimuuma kama kumpoteza mama.

Bowlby akawa daktari wa watoto wenye matatizo ya tabia na hisia, katika kliniki ya Tavistock, London. Baada ya Vita ya Pili, Shirika la Afya Duniani lilimwomba aandike ripoti kuhusu watoto waliopoteza makazi, na ripoti hiyo ilitoka mwaka 1951. Siku hizo wataalamu wengi waliamini mtoto anampenda mama kwa sababu ya chakula tu: anayetoa maziwa ndiye anayependwa. Bowlby alisema hapana. Kulia mama anapoondoka, kumfuata na kumng'ang'ania ni sehemu ya maumbile ya mtoto, kama kunyonya kwenyewe, na kazi yake ni kumweka mtoto karibu na mtu atakayemlinda. Fikra hii ndiyo iliyokuja kuitwa nadharia ya mfungamano.

Mwenzake James Robertson alitoa filamu mwaka 1952 ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa hospitali siku nane. Hospitali za Uingereza wakati huo ziliwabana sana wazazi kuwatembelea watoto, kwa hoja kwamba mtoto akimwona mama analia, asipomwona anatulia. Filamu ilionyesha kule kutulia kulivyo hasa: mtoto anayejikaza, anayemtazama mama yake kana kwamba hamjui vizuri. Madaktari wengi walikasirika. Lakini mwaka 1959 kamati iliyoundwa na serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila vizuizi.

Kampala, 1954

Katika ofisi ya Bowlby alifika mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyezaliwa Marekani mwaka 1913 na kukulia Kanada. Mwaka 1954 mumewe alipata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere, na Mary akafuatana naye Kampala. Huko alifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wasomi wa fani yake. Badala ya kuwaita akina mama maabara, aliwafuata nyumbani.

Alichagua familia 26 za Kiganda katika vijiji karibu na Kampala, zenye watoto 28 waliokuwa bado wananyonya. Kwa miezi tisa alikwenda kila nyumba kila baada ya wiki mbili hivi, akakaa kama saa mbili kila mara, sebuleni ambako wanawake wa Kiganda hupokea wageni alasiri. Alikuwa na mkalimani wake, Katie Kibuka. Walikaa, wakazungumza na mama, wakamtazama mtoto anakwenda kwa nani, anarudi kwa nani, analia lini na ananyamazishwa na nani.

Kilichomvuta kwanza kilikuwa ile ile desturi yetu. Alikuwa amesikia kwamba Waganda wakimwachisha mtoto ziwa humpeleka kwa bibi siku kadhaa ili asahau, na akataka kuona mtoto anakuwaje. Alipofika akakuta familia nyingi zimekwisha iacha. Akabadilisha swali. Akaanza kutazama mapenzi ya mtoto kwa mama yanavyojengeka siku hadi siku.

Aliona kwamba mtoto anayetambaa humwacha mama, akaenda kushika kikapu au kumfuata kuku, kisha anageuka kumtazama mama, anarudi kumgusa goti, anaondoka tena. Mama alikuwa egemeo lake. Mtoto mwenye egemeo anathubutu kwenda mbali. Kati ya wale 28, aliwahesabu 16 kuwa na mfungamano wenye amani. Hawa walilia kidogo, wakacheza kwa raha mama akiwepo. Watoto 7 walikuwa na mfungamano wenye wasiwasi, walilia sana hata wakiwa mikononi mwa mama, na hawakuthubutu kwenda popote. Watoto 5 walikuwa bado hawajaonyesha kumtofautisha mama na watu wengine.

Tofauti ilitoka wapi? Idadi ya watu waliosaidia kulea haikuwa ndiyo inayoamua. Kilichokwenda pamoja na amani ya mtoto ni mama kuwa mwepesi kuzisoma dalili za mtoto wake na kuzijibu. Ainsworth alilitambua hilo hata katika mazungumzo: mama ambaye ukimuuliza habari za mtoto anakupa mambo madogo madogo bila kuulizwa, anachopenda, anachoogopa, anavyolala, huyo ndiye mtoto wake alikuwa na amani. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967.

Baadaye, akiwa Baltimore nchini Marekani, alifuatilia familia nyingine 26, na akatengeneza jaribio la kama dakika 20 ambamo mama anatoka chumbani mara mbili na kurudi. Jambo kubwa halikuwa kilio cha kuachwa. Lilikuwa jinsi mtoto anavyompokea mama anaporudi. Wengine hulia, hukumbatia, wakanyamaza. Wengine hukumbatia na kumpiga mama hapo hapo. Na wengine hawamtazami kabisa, huendelea na mchezo. Hawa wa mwisho watu huwasifu kuwa hawasumbui. Utafiti uliofanyika Ujerumani na kutolewa mwaka 1993 uliwapima watoto wa namna hii mapigo ya moyo na kemikali ya wasiwasi mwilini, na ukaonyesha kwamba ndani hawakuwa wametulia hata kidogo.

Dada yetu uliyekwenda Mkuranga ukakuta mtoto anacheza na mchanga wala hakukujali, tulitaka ulijue hili. Hajakusahau. Anajikaza.

Tawi la pili: kuita nyumba nzima

Mpaka hapa habari ni za mtoto na mama tu. Lakini mama mwenyewe ana mume, ana mama mkwe, ana mawifi na ana madeni ya harusi. Fikra ya kuitazama familia nzima kama kitu kimoja ina historia yake, na mlango wake mmoja ulifunguliwa na Bowlby yule yule.

Mwaka 1949 aliandika makala kuhusu kijana aliyekuwa akimwona peke yake kwa miaka miwili bila mabadiliko ya maana. Akaamua kumwita pamoja na baba na mama kwa kikao kirefu cha saa mbili. Mwanzoni wazazi walimlalamikia kijana wao. Bowlby akawaeleza kwamba anaona kila mmoja ana mchango wake katika tatizo, akawaomba wao pia wasimulie walivyolelewa. Mambo yakaanza kufunguka.

Miaka miwili baadaye mwanasaikolojia wa Kimarekani, John Bell, alipita London akasikia habari hizo juu juu. Alielewa kwamba Bowlby daima huwatibu watu wa familia moja wakiwa wote pamoja. Haikuwa hivyo, kwa Bowlby vikao vile vilikuwa vya mara moja moja. Lakini Bell alirudi kwao akajaribu alichodhani amesikia, akaona kinafaa, akawa mmoja wa waanzilishi wa tiba ya familia. Mambo mengine Mwenyezi Mungu huyafikisha hata kwa kusikia vibaya.

Mwingine alikuwa Murray Bowen. Kuanzia mwaka 1954, mwaka ule ule Ainsworth alipokwenda Kampala, Bowen aliwalaza wagonjwa wa akili pamoja na mama zao katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, kisha akaingiza familia nzima, na akawatazama wanavyoishi. Aliona kwamba watu wawili wakielemewa na mvutano, humvuta wa tatu ili kupunguza uzito. Aliita hiyo pembetatu. Sisi hatuhitaji mfano wa mbali: mume na mke wamenuniana, mke anamsimulia mama yake, mume anakwenda kula kwa mama yake, na mtoto anatumwa, "Mwambie baba yako chakula tayari." Mtoto wa miaka minne tayari amekuwa daraja, na daraja hukanyagwa na kila anayepita.

Mito miwili yakutana

Kwa miaka mingi matawi haya mawili yalikwenda mbalimbali. Wa mfungamano walimtazama mtoto na mama, wakasahau waliobaki ndani ya nyumba. Wa familia walitazama mivutano ya nyumba, wakasahau kwamba mtoto mdogo hawezi kungojea wakubwa wapatane.

Mmoja wa waliounganisha ni Robert Marvin, mwanafunzi wa Ainsworth. Mwaka 1977 yeye na wenzake walitoa utafiti wa watoto wachanga wa Kihausa, Nigeria, katika jamii ya Kiislamu yenye nyumba kubwa za wake wenza na jamaa wengi. Kwa wastani watoto walikuwa wamefungamana na watu watatu au wanne. Hata hivyo wakiogopa, wengi walimtaka zaidi mmoja, yule aliyewashika na kukaa nao kuliko wengine, na hakuwa lazima mama mzazi. Mwaka 1990 Marvin na mwenzake Robert Stewart waliandika kwamba mfungamano hauwezi kueleweka bila kuitazama familia nzima.

Mwingine ni John Byng-Hall, daktari aliyekulia Kenya kisha akafanya kazi Tavistock, kliniki ya Bowlby. Mwaka 1980 aliandika kuhusu mtoto anayefanywa kipimo cha umbali kati ya mume na mke. Mmoja anataka ukaribu, mwingine anaona anabanwa, na mtoto anajifunza, bila kufundishwa, kuugua au kufanya vurugu pale wazazi wanapokaribiana mno au kuachana mno. Ukimtibu mtoto huyo peke yake unahangaika bure, maana anafanya kazi aliyopewa na nyumba.

Mwaka 1995 alitoa kitabu na makala ambamo alieleza egemeo salama la familia. Maana yake ni nyumba ambayo kila mtu, mtoto na mkubwa, anajua kwamba akiumia yupo wa kumshika, na kwamba mmoja akiwa hayupo, waliobaki wamekubaliana nani anashika nafasi. Egemeo si mtu mmoja tu. Ni makubaliano ya watu kadhaa.

Byng-Hall pia alizungumzia mwongozo ambao kila mtu anaubeba kutoka kwao, kama waigizaji wanavyobeba maneno yao. Wapo wanaorudia: "Mimi nililelewa na bibi na sikufa." Wapo wanaogeuza: "Mimi nililelewa na bibi nikateseka, wangu haondoki mikononi mwangu hata dakika," na mtoto anakosa hewa. Na wapo wanaokaa, wakatazama watu waliopo leo, wakatunga njia mpya. Sisi mafundi tunalijua hili kwa namna yetu. Ukikata gauni la mtoto kwa vipimo vya mama yake halitamkaa, hata kama mama lilimkaa vizuri sana.

Kwa upande wa mume na mke, Sue Johnson wa Kanada, aliyefariki mwaka 2024, alianza na mwenzake Leslie Greenberg katika miaka ya 1980 tiba ya wanandoa ambayo baadaye aliijenga juu ya mfungamano. Alisema ugomvi mwingi wa ndani ni swali moja: nikikuita, utaitika? Mke anayegomba na mume anayenyamaza wanauliza hilo hilo kwa sauti tofauti.

Ummu Salama hakulificha jambo

Kabla ya Tavistock na Baltimore, sisi tuna mfano wa karne ya kwanza ya Hijra. Ummu Salama (r.a.) alifiwa na mumewe Abu Salama, akabaki na watoto. Mtume (s.a.w.) alipomposa, alitaja sababu zake za kusita waziwazi: umri wake, wivu wake, na watoto wake. Alijibiwa kwa kila moja, na kuhusu watoto akahakikishiwa kwamba watakuwa katika dhamana. Binti yake Zainab alikuwa bado mdogo sana, na mwanawe Umar alikulia katika nyumba ya Mtume (s.a.w.). Ni huyo Umar bin Abi Salama aliyesimulia alivyofundishwa adabu ya kula: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Mtoto wa kambo alikaa kwenye sinia moja na baba yake wa kambo.

Hapa tuseme kweli ya fiqhi, kwa sababu wengi hutumia nusu yake. Katika madhhab ya Imam Shafi'i, inayofuatwa pwani yetu, haki ya kulea ni ya mama kwanza. Akiolewa na mwanaume ambaye si jamaa wa mtoto, haki hiyo huhama, na kwa kawaida anayefuata ni bibi mzaa mama. Basi bibi ana nafasi yake katika sheria. Lakini haki kuhama si sawa na mtoto kufukuzwa. Wahusika wakiridhiana abaki na mama yake, anabaki. Kila familia imuulize sheikh wake juu ya hali yake, na imuulize mapema.

Na Suratun Nisaa, aya ya 35, inaagiza mpatanishi kutoka kwa watu wa mume na mpatanishi kutoka kwa watu wa mke pale mfarakano unapohofiwa. Hiyo ni familia mbili kwenye jamvi moja.

Mabaraza na mahakama

Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu. Waislamu wengi hupitia mabaraza ya BAKWATA. Sheria hiyo hiyo inachukulia kuwa ni heri mtoto wa chini ya miaka saba awe na mama yake, ingawa mahakama inaweza kuamua vinginevyo, na inaitaka mahakama izingatie ubaya wa kumvurugia mtoto maisha kwa kumhamisha hamisha. Zanzibar, mashauri haya ya Waislamu husikilizwa Mahakama ya Kadhi. Na tangu 2021 Temeke kuna Kituo Jumuishi cha mahakama kwa ajili ya mirathi na mambo ya familia, ngazi kadhaa za mahakama zikiwa mahali pamoja.

Vyombo vipo. Lakini vyote hivi huitwa nyumba ikiwa imekwisha kuungua. Wakati ambao familia zote mbili zimekaa pamoja kwa heri, bila hasira, wakisikilizana, ni mmoja tu: posa.

Ya kusema kabla ya mahari

Basi mabibi harusi wetu, na mama zao, na masomo wanaowafunda, tunaomba mtoto atajwe siku ya posa kama Ummu Salama alivyowataja wake. Atakaa wapi? Akikaa kwa bibi, ni kwa muda gani? Tarehe itajwe, maana "mpaka ndoa itulie" haina mwisho. Mama atakwenda kumwona siku zipi, na nauli ni ya nani? Baba mzazi anasemaje? Mume mpya yuko tayari kuonana na mtoto mara ngapi kabla ya harusi, ili mtoto asimkute mgeni kitandani kwa mama yake siku moja tu?

Mtoto asihamishwe akiwa usingizini, wala kwa kudanganywa kwamba mama anakwenda dukani. Aambiwe kwa maneno ya umri wake, amwone mama anamkabidhi kwa bibi kwa mkono wake, akiwa na khanga ya mama ya kulalia. Bibi aelezwe yale mambo madogo madogo: anaogopa nini, anaimbiwa nini, analala upande gani. Ahadi ya Jumamosi itimizwe Jumamosi.

Siku mama akija na mtoto asimkimbilie, asimkaripie wala asiondoke na hasira. Akae karibu na ule mchanga. Aguse anachokigusa mtoto. Angoje. Na akimkuta anapiga na kulia, amshike. Hizo ni salamu zake.

Kwa ambao mtoto amekwisha kukaa mbali mwaka au miwili, mlango haujafungwa. Msianze kwa kumpeleka mtoto peke yake akaombewe au akaonywe. Kaeni wote wanaohusika, mama, mume, bibi, na ikiwezekana baba mzazi, na muulizane kile ambacho Bowlby aliwauliza wale wazazi mwaka 1949: wewe mwenyewe ulilelewaje? Majibu yatawashangaza. Mume anayesema "mtoto wa kiume hazoeshwi mapajani" huenda alitolewa mapajani mapema kuliko alivyotaka.

Gauni la harusi huvaliwa siku moja, na sisi tutalishona likae vizuri inshaAllah. Mkija kupima, njooni na mtoto. Naye tumpime nguo yake, ya kuvaa siku hiyo akiwa mstari wa mbele, karibu na mama yake.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma. Amin.